Aliyependa Kutembea Nyuma: Maisha ya Reverien Ndayikunda, 1943–1998

Baba Padri, wazee wa Makere, ndugu mliofika kutoka Murungu na marafiki mliotembea asubuhi hii kutoka kambini Nyarugusu: tumekutana kumsindikiza Reverien Ndayikunda, mtafiti, aliyetutoka akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Wengi wenu mlimfahamu kwa baiskeli yake na ile mizani aliyoifunga nyuma kwa mpira. Walio wengi hawakujua alikuwa akipima nini. Haya ndiyo maisha yake.

Reverien alizaliwa tarehe 14 Agosti 1943 katika kijiji cha Murungu, wilayani Kibondo. Alikuwa kitinda mimba wa mzee Ndihokubwayo na mama Esteri, waliokuwa wamevuka kutoka Burundi miaka michache kabla yake wakitafuta ardhi ya kulima. Katika nyumba ile mkubwa ndiye aliyeanza. Mtungi wa pombe ya ndizi ulipowekwa katikati, mrija ulishikwa na mwenye umri mkubwa kuliko wote, kisha anayemfuata, mpaka zamu ifike chini. Njiani kwenda kanisani watoto walitembea kwa kufuatana kiumri, na Reverien alikuwa nyuma ya wote. Marehemu dada yake alipenda kusimulia jinsi siku moja alivyomsukuma mbele kwa utani. Mtoto yule alilia njia nzima mpaka akarudishwa nyuma, ndipo akanyamaza na kuanza kuimba.

Alianza masomo mwaka 1951 katika shule ya misheni Kibondo, akaendelea na shule ya kati Kasulu, kisha sekondari huko Tabora. Baada ya kufundisha kwa muda alikwenda Morogoro kusomea kilimo, akahitimu mwaka 1972. Walimu wake walimsifu kwa bidii, lakini walilalamika kwamba hakutaka kuchagua tawi moja la elimu akatulia humo.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kituo kidogo cha utafiti hapa Makere. Kiongozi wake alikuwa mzee Kipriani Harerimana, aliyemzidi miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza mzee alimtazama kijana na mizigo yake, ndani mkiwa na pakiti za udongo na sega kavu la nyuki.

“Kijana, wewe ni wa udongo au wa nyuki?”

“Mzee, nyuki anakunywa ua, na ua linakunywa udongo. Wewe ungeishia wapi?”

“Mimi ningeishia kwenye asali,” alijibu mzee Kipriani, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mitatu. Walichunguza udongo mchungu wa milima hii na jinsi unavyodumaza maharage, kuoza kwa mihogo, maua yanayopendwa na nyuki katika miombo, na hata majina ya mimea kwa Kiha. Maswali mengi yalitoka kwa Reverien, na kalamu ilikuwa yake. Mzee Kipriani alishika kamba ya kupimia, alizungumza na wakulima na kumkatalia Reverien kila alipotaka kuandika jambo kabla ya misimu miwili ya mvua kupita. Makala ya kwanza ilipokuwa tayari, mwaka 1976, Reverien aliandika juu yake jina la Kipriani Harerimana, kisha la kwake. Mzee alipouliza sababu, alijibiwa kwa mshangao, “Mzee, si wewe ndiye mkubwa?” Wala hakuuliza tena, maana kwa watu wetu jibu hilo linatosha. Ndivyo ilivyokuwa kwa makala zote, hata zile zilizochapwa baada ya mzee kustaafu mwaka 1986. Reverien alisema kwamba data walizikusanya pamoja, na kustaafu hakupunguzi umri wa mtu.

Tarehe 4 Oktoba 1975 alifunga ndoa takatifu na Deborah, mwalimu kutoka Buhigwe, katika kanisa la Kasulu. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama Deborah anakumbuka kwamba posa yake ilikuja na chupa ya asali yenye karatasi ubavuni, imeandikwa jina la mti, kijiji na tarehe. Alidhani ni dawa, akaiweka mwezi mzima bila kuigusa. Bwana harusi alikosa usingizi, akiamini amekataliwa.

Mwaka 1994 ulileta jaribu kubwa la maisha yake. Kama mnavyokumbuka, huo ndio wakati watumishi wengi wa umma walipokuwa wakipunguzwa. Wageni watatu wa makao makuu walifika kituoni kuamua nani abaki. Nchi za nje kuna vitabu vinene vinavyohesabu mwandishi fulani ametajwa mara ngapi katika makala za wenzake. Anayetajwa sana huchukuliwa kuwa kazi yake imewafaa wengi. Lakini vitabu vile huweka hesabu yote chini ya jina la kwanza la kila makala. Wanaofuata nyuma hawaonekani.

“Ndugu Ndayikunda,” alisema mkuu wa wageni, “miaka ishirini na moja kazini, umetajwa mara nne.”

“Ndiyo, mheshimiwa.” Hizo nne zilitokana na makala fupi ya nyuki aliyoiandika peke yake.

“Harerimana amestaafu zamani, lakini anatajwa mpaka Brazili. Wewe unajifunza nini hapo?”

“Kwamba mzee ni mtu mkubwa, mheshimiwa.”

Wageni walidhani anawafanyia mzaha. Jioni ile Mama Deborah alimsihi mumewe arudi kwa wageni kabla hawajaondoka.

“Baba Tunu, waambie ukweli!”

“Niwaambie nini? Kwamba mzee alikuwa mshika kamba? Hakushika kamba tu.”

“Sikukuambia umvunjie heshima. Sema na wewe ulikuwepo.”

“Nilikuwepo. Jina langu liko pale, la pili. Mwenye macho atasoma.”

Mzee Kipriani alipopata habari alipanda lori la mizigo mpaka Kigoma, akawakuta wageni wakisubiri treni. Akawaambia kwamba kazi zile kichwa kilikuwa cha Reverien na miguu ilikuwa ya wote wawili. Walimpa kiti, wakamsikiliza kwa adabu, wakamjibu kwamba wao hufuata kilichochapwa. Tarehe 30 Juni 1995 Reverien Ndayikunda aliondolewa kazini. Mashamba ya majaribio ya mihogo aliyoyatunza tangu ujana wake yaligeuka kichaka.

Kilichomuuma zaidi kilitokea nyumbani kwake. Jumapili iliyofuata mtungi uliwekwa, na mzee Kipriani akaukataa mrija.

“Nimekunywa kwanza miaka yote, mdogo wangu, na ona nilichokufanyia. Leo anza wewe.”

“Siwezi, mzee.”

“Basi hatunywi.”

Wakakaa hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka povu likaisha. Mama Deborah akavuta kigoda. “Mkimaliza kuheshimiana mtaniambia,” alisema, akaushika mrija na kuanza yeye. Ndipo walipocheka.

Reverien hakuacha kupima. Mwaka 1997 shirika moja la misaada lilimpa kibarua cha kuchunguza matumizi ya kuni katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako miti ilikuwa ikiisha na akina mama wakitembea mbali zaidi kila wiki. Mwenzake alikuwa Bwana Séverin, mwalimu wa sayansi aliyekimbia vita Kongo. Walipopita na mizani na masufuria, akina mama waliwacheka: “Wazee wawili wazima wamekuja kutufundisha kufunika sufuria!” Reverien aliwajibu, “Hapana, mama zangu. Nyinyi mnajua. Mimi nimekuja kupima mnachojua, ili wenye magari wasadiki.” Waligundua kwamba maharage yaliyolowekwa na kupikwa katika sufuria lililofunikwa yalitumia karibu nusu tu ya kuni.

Ilipofika siku ya kuandika majina, Reverien aliuliza kama kawaida yake, “Bwana Séverin, ulizaliwa mwaka gani?”

“Miye?” alijibu Séverin bila kupepesa. “Miye nilizaliwa mu makumi tano. Miye ni mutoto kwako, mzee wangu. Weye njo mukubwa.”

Mwaka wa hamsini! Reverien akamtazama usoni, akaandika: Ndayikunda, kisha Séverin. Makala ilichapwa Desemba mwaka huo.

Mapema mwaka huu Reverien alianza kuvimba miguu. Alilazwa hospitali mara mbili hapo Kasulu, na madaktari walieleza kwamba figo zake zimechoka. Tunawashukuru kwa yote waliyofanya. Mwezi Septemba, akiwa kitandani nyumbani, ilimfikia nakala ya utafiti wa kuni uliofanyika Ethiopia. Ukurasa wa pili uliandikwa: kama walivyoonyesha Ndayikunda na mwenzake. Alimwomba Mama Deborah amsomee mstari ule, kisha amsomee tena. Mama alipomaliza alisema, “Lakini Baba Tunu, yule Séverin ana kipara, na mtoto wake wa kwanza ana miaka thelathini na mitano. Mwaka wa hamsini gani huo? Mimi nadhani alifundishwa kusema hivyo na mzee Kipriani.”

Reverien alitabasamu. “Nilijua siku ile ile,” alisema. “Lakini data za mtu huwezi kuzibishia bila ushahidi.” Akafunga macho, mkono wake ukiwa juu ya ukurasa.

Alifariki kwa utulivu nyumbani kwake Makere, Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998, alfajiri, akiwa amekwisha kupokea sakramenti.

Ameacha mjane, Deborah. Watoto Tunu, Niyonzima na Ininahazwe. Mjukuu mmoja, Laurentine. Rafiki yake Bwana Séverin, ambaye jana mbele ya wafiwa alikiri kwamba alizaliwa mwaka 1938. Na mzee Kipriani Harerimana, ambaye ndiye mkubwa wetu sote na kwa desturi angetajwa kabla ya wote, ila yeye mwenyewe ameagiza awekwe mwishoni. Ameagiza pia kwamba tutakapoondoka hapa kwenda kaburini, yeye atembee nyuma ya watu wote, pale Reverien alipopapenda tangu utoto.

Tunaomba mumpe mzee nafasi hiyo. Na wewe, Baba Tunu, leo usilie ili urudishwe nyuma. Tembea mbele, sisi tunakufuata, na Bwana akupe pumziko la amani.