Mwalimu Sefania na Dinari ya Kaisari

Marehemu Mwalimu Sefania Shemahonge alizaliwa tarehe 12 Aprili 1951 huko Mponde, mtoto wa tatu wa Mzee Yeremia na Mama Dorkasi, wakulima.

Alianza shule ya msingi Mponde mwaka 1959, na mwaka 1971 alihitimu chuo cha ualimu Korogwe. Alifundisha historia Shume, kisha Lushoto, hadi alipostaafu mwaka 2011. Wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka: ukisahau tarehe alikusamehe, ukibuni ulikiona.

Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na mama yetu Dorothea, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1996 mgeni aliyekuja kutafiti miti ya Shume alilala kwetu wiki mbili. Akiondoka alimwachia marehemu dinari ya fedha yenye kichwa cha Kaisari Tiberio. Ugonjwa wa sarafu za Kirumi ulimwingia hapo. Nyingine alibadilishana kwa barua na wakusanyaji wa nje, akiwapelekea sarafu za Mjerumani ambazo wakulima huokota mashambani. Alizitambua kwa sura ya mtawala, maandishi ya pembeni, na uzito, kwa mzani wa kuazima kwa dalali wa vito. Zilifika thelathini na moja. Ile ya kwanza peke yake hakuipima. Zawadi ya mgeni haipimwi, alisema.

Alikuwa mzee wa kanisa. Kila mwaka liliposomwa somo la kodi ya Kaisari, aliizungusha dinari hiyo kwenye mabenchi, na watu waliishika kwa mikono miwili.

Oktoba 2012 mama aliona aibu iende kanisani nyeusi vile, akaisugua kwa jivu kama sufuria. Marehemu alifoka sana, maana wakusanyaji huuthamini weusi ule. Akachukua lenzi aone hasara, akaona mstari mwembamba umezunguka ukingo wote. Warumi waligonga sarafu zao kwa nyundo; mstari ule huachwa na kalibu, ile foma ya kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Ndipo akaipima, ikawa nyepesi. Ilikuwa ya bandia.

Tulimsihi anyamaze. "Baba Loveness, miaka yote hiyo, nani atakuuliza?" mama alisema.

"Na mwakani niwape tena waishike? Kwa uso gani?"

Jumapili alisimama mbele. "Wapendwa, dinari niliyowashikisha ni ya bandia. Mgeni wangu hakujua. Mimi ndiye sikuipima. Nisameheni." Akaomba kuacha uzee wa kanisa.

Sokoni wapo waliomwita Mwalimu Bandia. Tuliona aibu, na mimi Loveness, ninayesoma hapa, sikuongea naye mpaka Krismasi. Mwaka uliofuata usharika ulimchagua tena, ukamkabidhi na funguo za kanisa.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na kisukari, baadaye figo. Alilazwa mara tatu hapa Lushoto. Alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 73.

Ameacha mjane, Mama Dorothea. Watoto Loveness, Kristian, Jonas na Elinuru. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Na mdogo wake, Abrahamu.

Sisi wanawe ndio tuliomwomba anyamaze. Leo, mbele yenu, tunamshukuru kwamba hakutusikiliza.

Bwana ampe pumziko lenye amani. Amina.