Maneno Yaliyopanda Paani

Kitendawili, wajukuu zangu: mji mmoja, wenyeji wa juu na wa chini hawakutani njiani. Mmeshindwa? Ni Ghadames ya zamani, mji wetu wa jangwani Libya, kabla hatujahamia nyumba za saruji. Wanaume walipita vichochoroni, sisi wanawake tukapita paani, nyumba hadi nyumba.

Asubuhi moja Haji Tayibu alikuwa katika gari la abiria akizungumzia mji huo na bibi mmoja aliyejitanda uso, ambaye yeye hakumtambua, aliyerudi juzi kutoka Tripoli.

"Vichochoro vile vilivyoezekwa vilikuwa na giza zuri la kutunzia siri," alisema. "Ila rafiki yangu Zubeiri aliniuza. Nilimwambia tukiwa wawili tu kwamba namwoa binti Mansuri kwa ajili ya mitende ya babake. Kulipokucha, posa ikarudishwa! Tangu siku hiyo simsalimii. Si yule pale, kiti cha mbele?"

"Haji wewe! Na yale matundu juu ya vichochoro, ulidhani ya nini?"

"Ya mwanga!"

"Mwanga tu? Tuliokaa paani tuliwasikia mpaka mkikohoa."

 Haji akakitazama kisogo cha Zubeiri, mvi tupu, rafiki ambaye yeye Haji alimnunia ujana wote na uzee.

"Nani alinisikia?"

Bibi akageukia dirishani.

"Dada, nakuuliza. Nani?"

Gari likasimama. Bibi akachukua kikapu chake, akainuka.

"Mimi, Haji. Huyo binti Mansuri."