Marehemu Apanda Basi

Jumanne gazeti la mkoa wetu lilitangaza kifo cha Babu Inaba, mkulima wa matofaa. Alhamisi marehemu alipanda basi akiwa na mfuko wa vitunguu, akaketi kando ya Bi. Tokunaga, mwandishi wa gazeti hilohilo kwa mujibu wa kitambaa chenye maandishi alichofunga mkononi, aliyekumbatia boksi la keki za maharage. Mimi, nikitoka bwenini, nilikaa nyuma yao na kunyamaza kwa heshima ya msiba.

"Keki za nani, binti?"

"Naenda kuomba radhi, mzee. Siku hizi kompyuta ndiyo inayoandika matangazo ya vifo. Imemchanganya Bwana Inaba na binamu yake, ikamuua."

"Si ungempigia simu tu?"

"Nimzike mtu, halafu nimpigie simu?"

"Basi ingekuja hiyo kompyuta."

"Haina kichwa cha kuinamisha, mzee. Hata ikija kuandika gazeti zima, wa kupiga hodi nitabaki mimi."

"Na akikufukuza?"

"Nitarudi kesho. Kichwa ninacho."

Marehemu akageukia dirishani na kupangusa macho. "Vitunguu hivi," alinung'unika, ingawa mfuko ulikuwa umefungwa vizuri.

Karibu na kituo chetu wote wawili walinyoosha mkono kubonyeza kengele ileile. Basi likasimama.

"Haya, nifuate," akasema babu. "Mke wangu keshachemsha chai. Ila usishtuke ukikuta picha yangu imezungukwa na maua. Majirani walioyaleta wamekataa kuyachukua tena."