Miwa Itakatwa Jua Likitoka

Pale Nkuhungu, kabla hujafika kwenye mashine ya kusaga, kuna benchi refu limeegemea ukuta wa duka ambalo halijafunguliwa tangu lipakwe rangi. Ikifika saa kumi jioni, upepo ukianza kumwaga vumbi, wenyewe washakaa kila mtu sehemu yake. Mwanzo wa benchi ni Mzee Mkutano, tarishi mstaafu, ambaye hawezi kuongea bila kuomba nafasi kwa mwenyekiti asiyekuwepo. Katikati ni Tofali, jina la ubatizo Sebastiani, mtu wa Gulwe, anafyatua matofali na anaamini kila kitu duniani kinaanzia kwenye msingi. Juu ya ndoo iliyogeuzwa ni dada Asma wa kashata. Na Hana, miaka kumi na tisa, ndiye mwenye birika. Hana hakai. Tangu arithi birika la babu yake, hajawahi kuweka makalio kwenye lile benchi. Muuza kahawa anasimama, ndiyo sheria aliyoikuta.

Siku hiyo alisimama kama kawaida. Mwisho wa benchi alikaa Fundi Obedi, anayefunga umeme kwenye nyumba mpya za Ihumwa, na Hana alikuwa ametoka kumwomba kwa mara ya tatu amchukue awe saidia fundi.

— Nishakwambia, wewe ni wa birika, Fundi alisema. Mimi nachukua mtu niliyeiona kazi yake.

— Basi ione.

Hana akachomoa simu yake yenye ufa, akaisimamisha kwenye benchi, ikaegemea chupa ya maji. Kwenye kioo kulikuwa na shamba la miwa, kila kitu cha mraba: miwa mraba, mawingu mraba, hata jua mraba.

— Game, Fundi alisema.

— Game ya maboksi, unajenga unachotaka. Hii niliyojenga ni mashine, miwa inajikata yenyewe. Hapa juu kuna kipima jua. Humo ndani jua likichomoza, kinapeleka umeme kwenye hii mikono kumi. Mikono inasukuma, miwa inaanguka kwenye mfereji, maji yanaipeleka kwenye sanduku. Hakuna mtu anagusa.

— Umeme unapita wapi?

— Kwenye hili vumbi jekundu. Unalimwaga mstari, linakuwa waya.

Fundi akacheka kwa pua.

— Sawa. Hakuna kugusa simu. Kahawa ya humo kwenye birika ikinywewa ikaisha, hiyo miwa iwe imo kwenye sanduku. Ikiwa hivyo, kesho tuko wote Ihumwa. Ikishindikana, usiniombe tena.

— Nimekubali.

Alikubali haraka, tabia ile ile iliyomtoa shule kidato cha pili. Alipokwisha kukubali ndipo akakiangalia kioo vizuri, akaona kosa lake. Asubuhi alikuwa ameijaribu mashine, akaona jua linatoka na mikono inakata, akafurahi, akaifunga game hapo hapo. Na game inaendelea pale ulipoiachia. Maana yake humo ndani ndiyo kwanza kumekucha, na mchana na usiku wake kwa pamoja, mpaka jua lichomoze tena, ni dakika ishirini. Kwenye birika kulikuwa kumebaki vikombe kama tisa. Fundi alikuwa ameshamaliza cha kwanza.

— Ongeza, Fundi alisema.

Tofali alikuwa ameinama kwenye simu mpaka pua inagusana na kioo.

— Ngoja kwanza. Lile boksi pale juu limeshikwa na nini?

— Halijashikwa, kaka Tofali.

— Liko hewani?

— Liko hewani.

— Mdogo wangu, mimi nina miaka kumi na nne kwenye matofali. Kule kwetu Gulwe mvua ilikula tuta, reli ikabaki inaning'inia, lakini ilishikwa huku na huku. Aliyetengeneza hii hajawahi kujenga hata choo.

— Mimi la boksi silijui, dada Asma akasema. Linalonisumbua ni hilo vumbi. Hebu angalieni miguu yenu.

Wote wakaangalia miguu. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo.

— Vumbi hilo ni la hapa hapa. Mwaka ule walikuja watu na vikoleo, wanajaza udongo kwenye vifuko vya nailoni, wanaandika namba. Tukaambiwa wanapima rutuba. Rutuba gani, ya Nkuhungu hii?

— Kwa hiyo tumeibiwa vumbi? Tofali akauliza.

— Limepelekwa kwenye game. We hujiulizi kwa nini ukijifunika blanketi la mtumba linakupiga shoti?

— Mwenyekiti, naomba kuchangia, Mzee Mkutano akasema, mkono juu. Kama vumbi linapitisha umeme, mimi nimekosea sana. Nyumba yangu kafunga fundi aliyepo hapa kikaoni. Taa ya chooni ikiungua, ya sebuleni nayo inakufa. Bora angenimwagia vumbi.

Benchi likacheka. Fundi hakucheka.

— Mzee, uliniletea waya pungufu.

— Sijakataa. Nachangia tu.

— Ongeza, Fundi akamwambia Hana, na safari hii akanywa kwa mkupuo mmoja, kama dawa.

Hana alimimina. Vimebaki saba, alihesabu kwa uzito wa birika. Kwenye kioo vivuli vikarefuka, jua mraba likazama, kukawa giza.

— Imezima, Tofali akasema.

— Haijazima. Huko usiku umeingia.

— Mbona kuna mtu anagonga?

— Zombi huyo. Nimejifungia kwenye kibanda cha kioo, haingii.

— Maskini, kafuata kahawa, dada Asma akasema.

Fundi akakisogelea kioo. Kisha akauliza swali la mtu anayejua kazi:

— Jua linatoka baada ya muda gani?

Hana angeweza kudanganya. Akamtazama usoni.

— Dakika saba, nane.

Fundi akaliangalia birika, akaangalia wenzake, akatabasamu.

— Mimina kwa wote. Leo mimi ndiye nawanywesha.

Vikombe vinne vikajaa kwa mpigo. Mzee Mkutano akakiangalia chake, akamwangalia Hana, akaangalia kioo cheusi. Halafu mzee huyo, ambaye kila siku anakunywa kahawa inayochemka mpaka watu wanamwogopa, akakitua kikombe juu ya goti.

— Ya moto hivi siiwezi. Meno.

— Mimi lazima nianze na kashata, dada Asma akasema, akaanza kuimega punje kwa punje.

Tofali alichelewa kuelewa. Asma akamkanyaga mguu, akaelewa, akaanza kupuliza kikombe chake kama anawasha mkaa.

— Fundi, hebu jibu hoja moja, Mkutano akasema. Hilo jua la humo ndani, wamelitoa wapi?

— Ni picha tu, mzee.

— Picha inawashaje mashine? Mimi msimamo wangu ni kwamba ni jua letu. Vijana wako wengi, kila mtu na simu yake, wanalivuta kidogo kidogo. Ndiyo maana hapa mvua inakuja inatuangalia, inaondoka. Jua limechoka, haliwezi kuvuta mawingu.

— Na huyo zombi ni mfanyakazi hewa, Tofali akadakia. Kafutwa kwenye daftari, hana pa kwenda, anagonga milango ya watu.

— Siyo kafutwa, Asma akasema. Katumwa. Anatafuta vumbi lililobaki.

— Mnaongea upuuzi, Fundi alisema.

— Basi turekebishe, mjumbe. Anza na la jua.

Fundi akamaliza kikombe chake. Hana akamimina kingine. Fundi akanywa. Akamimina tena, akanywa, jasho linamtoka puani. Birika likawa jepesi kabisa.

— Malizia hapa, Fundi akasema, kikombe kimenyooshwa.

Hana akachukua kikombe kingine, akamimina humo mpaka tone la mwisho. Hakumpa. Akaitupia simu jicho, bila kuigusa, akageuka, akakaa kwenye benchi, katikati ya Tofali na Mkutano.

— Hiyo ni yangu, Fundi alisema.

— Cha mwisho ni cha mwenye birika. Babu alikuwa anakinywa kila siku, na wewe ulikuwepo.

— Alikuwa anakinywa amesimama.

— Babu alisimama. Mimi nimekaa.

— Birika tupu. Tulisema ikiisha.

— Ulisema ikinywewa ikaisha. Hii bado inanywewa.

Akakigusa kikombe kwa ncha ya mdomo, akakishusha. Upepo ukapita na vumbi lake, na hakuna aliyepangusa uso. Kioo kikawa buluu, kikawa rangi ya chungwa. Jua mraba likachungulia.

Tka. Mikono ikasukuma, miwa ikaanguka, maji yakaibeba, ikaingia kwenye sanduku. Fundi alikuwa ameshapiga goti chini.

— Tisa, alisema. Mkono mmoja umegoma.

— Waya wake niliukata mwenyewe asubuhi kabla sijaijaribu, makusudi.

— Makusudi ya nini?

— Uone kwamba mmoja ukifa, wenzake wanaendelea.

Hakuna aliyetaja taa ya chooni. Mzee Mkutano alikohoa kidogo, basi. Fundi akabaki pale chini, anafuata mstari wa vumbi jekundu kwa kidole bila kugusa kioo, mkono kwa mkono, mpaka wa kumi. Akasimama, akajipangusa goti.

— Saa moja kamili. Uje na viatu vya kufunika vidole.

— Utanikuta, fundi.

Bodaboda ikasimama. Alikuwa Erick, mteja wa kila jioni, mkono tayari umenyooka kutafuta kikombe.

— Imeisha? Haya, kesho nitawahi. Kesho anapika nani?

Mzee Mkutano akainua mkono kuomba nafasi, akaushusha. Dada Asma akaangalia kashata zake. Tofali akaliinua birika, akalitikisa, akalirudisha. Erick akawaangalia mmoja mmoja, anasubiri.

Hana alikuwa bado amekaa, anamalizia kikombe chake taratibu.