Taa Iliyozimika Mchana

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mratibu wa Elimu uliyekuja na pikipiki katika vumbi lote hili. Mwalimu Mkuu na walimu wenzako. Shehe wetu, na wewe Katekista uliyeketi naye mkeka mmoja. Wazee wa Chimbalange, wazazi wenzangu, wanafunzi mliopangwa juani kama korosho za kuanikwa. Na wewe Mwalimu Joshua tuliyekuja kukuaga, pamoja na mkeo Agnes: Assalaam alaykum, na wasioitikia salamu hiyo, hamjambo.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Kijana, mimi nimezaa watoto saba na hakuna hata mmoja aliyetoka kwa dakika tano. Kaa chini.

Hotuba hii nimeiandika mwenyewe. Mnaoona karatasi inatikisika, ni upepo. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mwaka wa sabini na tano, na mistari yangu inapanda na kushuka kama njia ya kwenda Kilambo, lakini inafika. Wajukuu walitaka kunisaidia, nikawakatalia, kwa sababu haya ninayotaka kusema, akiyaandika mtu mwingine atayapunguza ukali.

Mwalimu Mkuu amekwisha kutueleza kwamba Mwalimu Joshua ametoka Njombe kwenye baridi, akafundisha Sayansi hapa miaka ishirini na miwili, na hakukosa kipindi hata alipougua homa. Sawa. Mimi nitasema habari ya ubao.

Mnaujua ubao ule wa ukutani, unaotazama barabara. Kila Jumatatu mwalimu huyu aliandika juu yake, Je, Wajua? na chini yake jambo moja la ajabu. Na chini ya jambo la ajabu nilikaa mimi na beseni langu la vitumbua. Akishaandika, hununua viwili, hunisomea, nami humwambia ni mwongo. Ndiyo ilikuwa biashara yetu ya asubuhi.

Aliandika kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Nikamwambia nimepasua pweza tangu sijavunja ungo, mioyo hiyo aliificha wapi? Kesho yake akaja na pweza kutoka Msimbati, akampasua mbele ya darasa, akahesabu kwa ncha ya kisu: mmoja, wa pili, wa tatu. Sikumsifu. Aliandika kwamba nyota unayoitazama huenda imekwisha kufa zamani, na unachokiona ni mwanga wake ambao ulikuwa bado njiani. Usiku ule nilifunga dirisha. Aliandika kwamba huko Tendaguru, mkoani Lindi, ilifukuliwa mifupa ya mjusi mkubwa kupita nyumba, ikabebwa vichwani mpaka pwani, na leo yumo ndani ya jumba Ujerumani, amesimama. Hapo nilisahau hata kumrudishia chenji. Babu yangu mzaa mama alitusimulia kwamba alibeba kichwani goti la mnyama, goti la jiwe, akatembea nalo siku nne. Tulimcheka mpaka tukamzika. Ubao ule ulimtoa babu yangu katika uongo akiwa amekwisha lala kaburini miaka thelathini.

Sasa niulizeni: mtu aliyemsafishia babu yangu jina, mimi jina lake nimelifanyia nini?

Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na sita aliandika jambo ambalo halikunichekesha. Kwamba huko Kameruni, miaka kumi nyuma, ziwa lilitoa hewa usiku. Hewa ikateremka bondeni, na asubuhi watu elfu moja na mia saba na zaidi walikutwa wamekufa, wengi wamelala vilevile walivyolala, na ng'ombe wao, na kuku wao, nyumba hazina ufa, miti imesimama. Na kwamba wachimba makaa wa Ulaya walikuwa wakishuka shimoni na ndege mdogo wa njano katika tundu, ndege akianguka, wao hukimbia. Nikamuuliza, mwalimu, hewa si ndiyo tunayoishi kwayo? Akaniambia, "Bibi, iko nyingine nzito kuliko hii. Hukaa chini kama maji. Huioni. Taa ikiingia humo hufa kabla yako wewe." Nikawageukia wateja wangu nikasema serikali imetuletea mwalimu wa mizimu, tukacheka wote. Baadhi yenu mko hapa, na meno ya kuchekea bado mnayo.

Wiki tatu baadaye pampu ya kijiji ikafa. Jua mnalijua, mvua haijanyesha, visima vya chini vimekuwa chumvi. Kamati ikaamua kifukuliwe kisima cha wazee, kile kilicho nyuma ya mikorosho yangu, kilichokuwa kimelala miaka kumi na mitano kimefunikwa magogo. Mwanangu Rashidi akasema atashuka yeye. Wenye umri mnamkumbuka Rashidi. Alikuwa akiongea hata akinywa maji.

Aliteremka kwa kamba baada ya swala ya adhuhuri, na jembe na ndoo, huku akipiga domo. Tulimsikia, "Mama, nikikuta jini wa kike huku mimi sirudi." Watu wakacheka. Akaanza neno lingine na neno lile likaishia katikati, kama mtu anayesinzia huku anazungumza. Nilichungulia. Jua lilikuwa utosini, linaangaza mpaka chini. Nilimwona anakaa. Hakuanguka, alikaa, akaegemeza kichwa ukutani kama mtu aliyeshiba. Nikamwita. Kisima kikaniitikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Kwetu ndugu akiwa shimoni, ndugu ndiye anayeshuka. Ukoo ukisubiri mgeni, aibu hiyo inarithiwa. Athumani, mdogo wake, akavua shati. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kuingia kisimani pale mwalimu alipofika mbio kutoka shuleni, chaki mikononi, akamkumbatia kiuno akamwangusha chini. Akasema, "Ishuke taa kwanza."

Wakachukua chemli yangu jikoni. Mchana kweupe wakaiwasha, wakaifunga kamba, wakaiteremsha. Ilikwenda pima moja, pima ya pili, ya tatu, utambi umesimama wima. Ilipofika ya nne ikazimika. Haikupepesuka, haikufifia, ilizimika kama jicho lililofumbwa. Wakaivuta, kioo kizima, mafuta yamo. Wakaiwasha tena, wakaiteremsha upande mwingine. Pima ya nne, ikafa. Mara ya tatu, palepale. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mkorosho, na kila mtu aliyesimama pale alielewa kwamba mle ndani kuna kitu kimejaa mpaka kipimo fulani, na kwamba mwanangu yuko chini ya kipimo kile.

Shehe aliyekuwapo, Mungu amrehemu, akaanza kusoma. Watu wakarudi nyuma. Athumani alipigana. Mwalimu na wanaume wawili walimkalia, akamng'ata mwalimu mkono. Mwalimu, kunja shati waone. Kovu hilo ni meno ya mwanangu. Na mimi, mbele ya kijiji, nilimpiga mwalimu kofi. Nikamwambia, "Mgeni wewe, mwache ndugu amtoe ndugu." Aliagiza matawi ya mikorosho yafungwe mzigo mmoja, yapandishwe na kushushwa kisimani, yapandishwe na kushushwa, kama mtu anayetwanga, kuikoroga hewa ile itoke. Wakatwanga mpaka ikakaribia alasiri. Taa ikafika pima ya tano. Wakatwanga tena. Ilipogusa chini inawaka, mwalimu alijifunga kamba yeye mwenyewe, akashuka ameshika chemli yangu mkononi, akamfunga Rashidi, tukamvuta. Alikuwa bado na uso wa mtu aliyeshiba.

Mtu ameshuka kaburini kwa ajili ya mtoto wako, wewe unamlipa nini? Mimi nilimlipa hivi. Kabla hatujamaliza matanga nilisema kwamba taa ile haikuzimika yenyewe. Nilisema, mtu aliyeandika habari za hewa inayoua, na wiki tatu baadaye hewa ikaua, huyo ameijulia wapi? Nilisema mara moja tu, na kwa sauti ndogo. Maneno mengine yote mliyatia chumvi ninyi. Ninyi ndio mliowafunga watoto hirizi kabla ya kipindi cha Sayansi. Ninyi ndio mliomwaga chakula cha Agnes nyuma ya nyumba kwenye misiba, mama huyu akaosha vyungu vyake. Mkamwita mwanga. Mkapita upande wa pili wa barabara, kisha mkirudi jioni mnakohoa mlangoni kwake awaandikie barua. Nami miaka tisa nimeuza vitumbua vyangu chini ya ubao ule nimeupa mgongo, naye kila Jumatatu akanunua viwili, akaweka hela kwenye kifuniko bila kunigusa mkono.

Karatasi ya pili.

Mabibo, nyote mnayajua. Ukishanyofoa korosho, bibo linabaki. Wengine huyakamua wakapika uraka. Mimi katika mji wangu sikutaka ulevi. Msimu ule na msimu wa kabla yake watu walikuwa wanakuja kuniokotea mabibo kwa ajili ya pombe zao, nikaona watanitia dhambini. Basi nilichomoa gogo moja la kile kisima cha wazee, nikawa nayamwaga mle. Tenga kwa tenga, alfajiri, watu wasinione, maana wazee walikataza takataka kwenye kisima chao. Nikarudisha gogo. Nikaswali, nikajiona msafi kuliko Chimbalange nzima.

Siku Rashidi anafungwa kamba, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Harufu ilinijia, tamu, ya mabibo yaliyochacha; ninyi mlidhani ni ya mikorosho iliyotuzunguka. Niseme? Nilisema moyoni, mabibo watoto wanakula, yatamfanya nini mtu mzima? Niliona aibu ya kuonekana mimi ndiye niliyechafua kisima. Aibu tu. Nikafunga mdomo huu huu mnaoutazama.

Baada ya hitima ya arobaini, mwalimu alikuja kwangu peke yake. Alisimama uani, hakukaa. Akaniambia, "Bibi, kule chini nilikanyaga mabibo mpaka magotini. Yanatokota kama uji. Hewa ile ilitoka humo." Nikamjibu labda ni upepo umeyaingiza. Kisima kimefunikwa magogo, ndugu zangu, na mimi nasema upepo. Akasema, "Basi, Bibi, ni upepo."

Akaondoka. Mtu ambaye aliandika ukutani siri za pweza na siri za nyota, siri yangu hakuiandika. Mlimwita mwanga, neno moja la kujiokoa alikuwa nalo mdomoni miaka tisa, akalimeza ili nisiitwe muuaji wa mwanangu. Hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote ya ubao wake, na hakuna aliyelisoma.

Mnaangaliana nini? Niangalieni mimi.

Ningeweza kunyamaza mpaka basi la Jumanne limchukue. Nilikusudia hivyo. Lakini wiki mbili zilizopita nilipita kwa jirani yangu Salumu, nikasikia ile harufu. Anamwaga mabibo katika kisima chake kikavu, na ananiambia mvua zikichelewa atashuka akichimbe zaidi. Nilimwambia asishuke. Akaniuliza, "Bibi, umejuaje?" Nimekaa na swali hilo siku kumi na nne. Rashidi nilimwua kwa kutojua, na kwa aibu. Salumu ningemwua kwa kujua.

Kwa hiyo, mbele ya Mheshimiwa Diwani, mbele ya Shehe na Katekista, nasema: Mwalimu Joshua si mwanga. Hakuzima taa. Aliyejaza kisima ni mimi, Mwanaisha binti Kassimu. Athumani huyu, mwenye watoto wanne waliokaa mstari wa mbele wanakula kashata, yu hai kwa sababu mgeni alikubali kung'atwa na kupigwa kofi. Mwalimu, nakuomba radhi. Agnes, nakuomba radhi kwa kila chungu ulichokiosha. Msiponipa, ni haki yenu, sitalalamika. Na ninyi mliomwaga chakula, foleni ya kuomba radhi inaanzia nyuma yangu, msinisukume.

Leo alfajiri nimeuandika ubao kwa chaki, kwa herufi zangu. Je, Wajua? Mabibo yakichacha kisimani hutoa hewa inayoua. Shusha taa kwanza. Chini nimeweka jina langu. Mwalimu Mkuu, atakayeufuta kabla mvua haijaja atanikuta hapo chini na beseni.

Zawadi yako, mwalimu, ni hii niliyoifunika kwa kanga. Ni chemli ile ile. Nimetia mafuta mapya na utambi mpya, kioo sijakiosha, moshi wa siku ile bado umo. Sijaiwasha tangu ulipopanda nayo. Miaka tisa natumia koroboi, kwa kuwa niliogopa kwamba nikiiwasha ndani kwangu nayo ikazimika, nitajua hewa ile imenifuata imejaa nyumbani mwangu, na mimi naishi chini ya kipimo.

Mmenivumilia mpaka mwisho wa karatasi; kwa masikio yenu, asanteni. Athumani, njoo na kiberiti. Iwashe hapa, tuone.