Mama Ngazi na Jiwe la Ukumbi Mkubwa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu mkuu wa maonyesho katika jumba hili la sanaa anastaafu. Sote tunamwita Mama Ngazi, maana aliyemtafuta sakafuni hakumpata.

Alianza kwa kupigilia misumari ya picha. Baadaye akakabidhiwa kazi za wasanii wasioleta picha wala sanamu, bali karatasi ya maelekezo tu, sisi tuyafuate. Karatasi moja iliagiza ukuta upakwe rangi mpaka mpakaji achoke. Mama Ngazi alipaka nusu saa, akaweka brashi chini, akatangaza kazi imekamilika. Msanii akacheka, akakubali.

Lakini siku ya lile jiwe hakuna aliyecheka. Maelekezo yalitaka jiwe kubwa kama ndoo lining'inie Ukumbi Mkubwa kwa kamba iliyopita kwenye kapi darini. Mmoja aishike kamba, mwingine aketi chini ya jiwe hadi atakapoinuka kwa hiari yake. Mshika kamba asitamke neno.

Mama Ngazi akashika. Aliyejitokeza kuketi alikuwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea. Walikuwa hawasemezani tangu dada mtu alipomzika mama yao bila kumsubiri arudi safarini. Wageni walidhani ni maigizo. Mimi wa mapokezi niliwajua wote wawili.

Mdogo mtu hakumsalimu. Alimwambia tu kwamba hainuki mpaka ajue kwa nini hakusubiriwa. Dada akanyamaza, kama karatasi ilivyotaka. Meneja alininong'oneza nimwite mlinzi. Sikwenda. Kamba ikateleza, jiwe likashuka shubiri nzima. Mdogo mtu hakutikisika.

"Toka hapo, mdogo wangu," Mama Ngazi akasema. "Niliogopa utaniuliza nilikuwa wapi mama alipokata roho. Nilikuwa hapa kazini."

Mdogo mtu akainuka. Hakuelekea mlangoni, aliishika kamba pamoja na dada yake, wakalishusha jiwe polepole mpaka chini.

Meneja alikasirika kwamba maelekezo yamevunjwa. Msanii wa lile jiwe, alipopigiwa simu, aliuliza kama kuna aliyeumia, kisha akaagiza ule mstari wa kukaa kimya ufutwe.

Mama Ngazi, asante kwa kila kazi uliyotutundikia ukutani. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizokukimbiza, na watu wako karibu nawe.