Ndugu Yetu, Kiguu na Njia

Marehemu ndugu yetu, ambaye sote tulimwita Kiguu na Njia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, kitindamimba wa watoto watatu. Mama husema alitembea kabla ya kutambaa, na tangu hapo hakutulia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1994 hadi 2000, kisha sekondari hadi 2004. Siku moja mwalimu alimuuliza, "Wewe, dawati lako lina miiba?" Akajibu, "Halina, Mwalimu. Nimelikagua lote."

Mwaka 2006 alijiunga na jeshi. Kazi yake ilikuwa kupanga na kufunga mizigo ndani ya ndege. Alirudia kukagua kamba hadi rubani amwambie, "Sajenti, kaa basi, twende."

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2012. Wageni walipofika walimkuta akihamisha viti. Bibi harusi akamwita, "Bwana wee, viti vina wenyewe. Njoo uoe!" Walijaliwa mabinti wawili.

Likizo yake ya mwisho, kifungo cha ndani cha suruali yake ya kazi kilikatika. Mimi kaka yake, fundi cherehani, sikuwepo, na kusubiri hakujua. Mama akakishona kwa uzi mwekundu aliokuwa nao.

"Mama, jeshini na nyekundu wapi na wapi?"

"Ni ndani huko. Nani ataona?"

Hakuugua. Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019, asubuhi yenye ukungu, ndege yao ilianguka ikishuka kutua, uwanja ukiwa pale mbele. Walifariki wote saba. Chanzo bado kinachunguzwa.

Tumeambiwa jeneza lisifunguliwe. Tangu hapo Mama hakai. Anazunguka akimuuliza kila mwenye sare, "Mmehakikisha? Msije mkanizikia mtoto wa mwenzangu, wangu yuko njiani." Hata sasa amesimama.

Mama, ulinituma, nikaenda. Jana jioni walinionyesha nguo alizokutwa nazo. Nyumbani hukukaa unisikilize, ndiyo maana nimeandika haya hapa. Ile suruali niliigeuza. Kifungo kipo, na uzi wako upo. Uliuliza nani ataona. Nimeona mimi. Ni yeye. Kaa sasa, Mama.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, dada mmoja na kaka mmoja. Hakujua kupumzika, Mungu amfundishe taratibu, apumzike kwa amani.